Pikipiki Kuukuu ya Kijapani: Namna ya Kuipima Kabla ya Kutaja Bei

Usianze na rangi. Pikipiki ya zamani inayong'aa kwa rangi mpya, iwe Tarime mjini au Mugumu hapa mkoani Mara, mara nyingi inaficha kitu, na kitu chenyewe huwa ni mshono wa kuchomelea kwenye fremu. Anza na skrubu za vifuniko vya injini. Wajapani walitumia skrubu zenye mkato wa msalaba unaofanana sana na wa bisibisi yetu ya nyota, ila si uleule. Nyingi zina kitone kidogo kilichopigwa kichwani kama alama. Bisibisi ya kawaida haikai vizuri mle. Inateleza, inakula kichwa. Ukikuta skrubu ambazo mikato yake bado ina kona kali, ama injini haijaguswa, ama imeguswa na fundi mwenye zana na subira. Ukikuta vichwa vilivyolika na vingine vimegongwa kwa tindo, umeshajua mashine imepita mikononi mwa watu wa namna gani.

Mkusanyaji wa Ulaya au Marekani akisema pikipiki adimu za Kijapani, anawaza majina yaliyokufa. Miaka ya 1950 Japani ilikuwa na watengenezaji zaidi ya 100. Wakubwa waliobaki ni wanne. Meguro ilimezwa na Kawasaki. Tohatsu iliacha pikipiki miaka ya 1960 ikabaki na injini za boti. Bridgestone ilirudi kwenye matairi yake. Hodaka, iliyouzwa zaidi Marekani, ilikoma mwaka 1978. Hizo usizitafute kando ya Mto Mara. Huku kilicho adimu ni Honda CG125, Yamaha DT au AG100, au Suzuki TF, iliyombeba bwana shamba, katekista au mwalimu miaka mingi, na bado ina viungo ilivyotoka navyo kiwandani. Kwangu mimi hiyo ina thamani kuliko Meguro ya kwenye makumbusho, kwa sababu imepimwa na barabara ya Nyamongo wakati wa masika ikabaki.

CG125 ndiyo inayodai jicho kali zaidi, maana imeigwa kuliko zote. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakizifikiria nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mkubwa na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Injini haina cheni ya kuzungusha kamshafti juu. Valvu zinasukumwa kwa fimbo, mpango wa kizamani lakini mvumilivu. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5 na pistoni inatembea milimita 49.5. Baadaye viwanda vya China vilichukua mpango huohuo, na pikipiki nyingi za Kichina unazozikuta kwenye vijiwe vya bodaboda zina injini ya ukoo huo. Ndiyo maana CG kuukuu inaweza kupandikizwa injini ya Kichina na asiyejua asigundue.

Utaigundua hivi. Futa tope, usome namba ya injini: ya Honda hutanguliwa na CG125E, na tarakimu zimezama kwa kina kinacholingana. Palipopigwa msasa kabla ya kugongwa namba patakuwa laini kuliko chuma cha pembeni, pitisha kidole. Kisha tazama kabureta. Honda ilifunga Keihin, Yamaha na Suzuki mara nyingi zilifunga Mikuni. Kwenye kioo cha taa ya Honda tafuta jina la Stanley. Kipuri kimoja kilichobadilika hakiharibu pikipiki. Vikifika vitano sita, unanunua jina lililo kwenye tenki tu.

Kabla haijawashwa, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, nawe utanyimwa kuisikia ikiamka baridi. Omba kwa adabu urudi kesho. CG ikigongagonga kidogo juu, hiyo ni nafasi ya valvu, kazi ya dakika chache. Mlio mzito wa kugonga chini unaokuja ukivuta mafuta ni wa beringi ya konrodi, na hapo gharama inaanza. Yamaha na Suzuki za mipigo miwili (two-stroke) zinaruhusiwa kutoa moshi mwanzoni; lakini injini ikipanda na kushuka yenyewe ikiwa imesimama, huenda sili za krenki zinaingiza hewa. Kwenye Yamaha, fuata mrija wa oili kutoka tenki lake dogo hadi kwenye pampu. Wengi huing'oa pampu, wakawa wanachanganya oili na petroli kwa kukadiria. Iliyobaki na pampu yake na inafanya kazi, mimi huwa tayari kuiongezea bei.

Upande wa Serengeti, kwenye vumbi la Natta na Ikoma, fungua chujio la hewa hata kama mwenyewe ananung'unika. Sponji ikikosekana, silinda imekula mchanga, na hakuna sauti nzuri itakayobadilisha hilo. Upande wa milima ya Tarime chunguza chini ya kiti, mahali kerea inaposhikana na fremu, maana magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi huvunja hapo kwanza. Uchakavu wenyewe usiuogope, mradi uafikiane: mpira wa kukanyagia uliolika, rangi ya tenki iliyofutwa na magoti, vishikio vilivyong'arishwa na viganja. Kukiwa na spidomita inayoonyesha kilometa chache juu ya mpira uliolika hadi chuma, basi mojawapo si ya pikipiki hiyo.

Karatasi zinahitaji muda. Nyingi za mashine hizi zilikuwa za serikali, za halmashauri au za miradi, zikauzwa kwa mnada. Dai hati ya mnada pamoja na kadi, na ulinganishe namba zote mbili, ya fremu na ya injini. Iliyovuka Sirari kutoka Kenya bila kulipiwa ushuru iache, hata ikiwa nzuri namna gani.

Na ukimkuta mzee aliyeinunua mwenyewe na kuitunza, mwamkie, kaa, muulize ilifanya kazi gani kabla ya kugusa habari za bei. Atakuambia ilianguka wapi, silinda ilichongwa lini, nani aliifungua. Ukiipata, badilisha oili, safisha tenki kwa ndani, kaza spoku, na rangi yake uiache ilivyo.