Kazi ya Wengi, Jina la Mmoja

Mwaka 1984 wakufunzi watano wa chuo tuliandika pamoja kitabu cha mazoezi ya hesabu. Kilipotoka kupigwa chapa kilikuwa na jina la mmoja wetu, na ruhusa ya kukitoa upya ilikuwa mkononi mwake peke yake. Hatukuweza kudai, kwa sababu hatukuwa tumeandikiana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hayo yalinirudia mjukuu wangu, ambaye huandika programu za kompyuta, aliponiletea leseni iitwayo GPL, toleo la pili la mwaka 1991. Niliisoma kwa kalamu nyekundu, kama nilivyozoea kusoma insha za wanachuo.

Kwa hoja yake kuu naipa alama za juu. Sheria ya hakimiliki kwa kawaida huzuia watu wasinakili. Richard Stallman na wenzake wameitumia sheria hiyohiyo kuruhusu: itumie programu, ibadilishe, igawe, hata kwa kuuza, bali ukiigawa, huna budi kumpa mpokeaji maandishi yake ya asili na uhuru uleule uliopewa wewe. Utangulizi unajitaabisha kueleza kwamba uhuru huo si suala la bei, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili. Sisi tunayo "huru" na "bure".

Kasoro naiona kwingine. Leseni inaeleza kwa urefu haki za mpokeaji, lakini watu elfu wakichangia kazi moja, haiamui umiliki ukae kwa nani. Kila mradi hujiamulia.

Katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na kuwekwa chini ya GPL mwaka 1992, hakimiliki imetawanyika kwa wachangiaji na waajiri wao. Toleo la tatu la leseni lilipotoka mwaka 2007, Linux ilibaki na la pili. Torvalds hakulipenda jipya. Lakini hata angelipenda, angehitaji ridhaa ya maelfu ya watu. Ni usumbufu, ila ndio unaomzuia yeyote kuifunga kazi hiyo peke yake.

Terraform ilitoka mwaka 2014 kwa leseni nyingine huru, ya MPL. Wachangiaji walitia saini hati iliyoipa kampuni ya HashiCorp nafasi ya kuitoa kazi yao kwa masharti mengine. Agosti 2023 kampuni ikatangaza leseni mpya inayowabana washindani wake. Matoleo ya nyuma hayakuweza kurudishwa, na kwayo wengine wakaanzisha OpenTofu mwaka huohuo.

Wapo wasemao kwamba umiliki ukiwa mahali pamoja ni rahisi kuwashtaki wavunjaji. Ni kweli, na shirika la Stallman lenyewe limekusanya hakimiliki kwa sababu hiyo. Lakini nalo huahidi kwa maandishi kwamba kazi itabaki huru. Leseni hulinda kilichokwisha kutolewa. Cha kesho hulindwa na ahadi ya namna hiyo, au na wingi wa wenye mali.

Mjukuu wangu alikuwa na hati kama ile ya Terraform, akisubiri kutia saini. Nilimwambia atafute sentensi inayosema wao wanamwahidi nini. Hakuiona. Hata hivyo yeye alikuwa na hati ya kusoma. Sisi watano hatukuwa nayo.