Matunzo, Posho au Fidia?

Tangu sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania mwaka 2021, wafasiri wanatakiwa kuipa jina moja fedha ambayo mahakama huamuru mwanandoa mmoja amlipe mwenziwe baada ya talaka. Katika hati na mazungumzo tunakuta maneno manne: posho, masurufu, fidia na matunzo. Yapo watumiao kama kwamba yana maana moja. Sisi tunaona kuwa kila moja lina hukumu yake ndani yake.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chaagiza kuwa kiasi cha malipo kikadiriwe kwanza kwa uwezo na mahitaji ya wahusika. Baada ya hapo ndipo mahakama huangalia sehemu ya lawama ya kila mmoja katika kuvunjika kwa ndoa, pamoja na mila za jamii yao.

Basi neno fidia halifai. Fidia hulipwa na aliyetia hasara, kwa hiyo latanguliza lawama ambayo sheria imeiweka nyuma. Posho nalo lanuka hisani: mpaji hutoa apendapo, na hukata apendapo, ilhali amri ya mahakama si hisani. Masurufu, kwa mtumishi wa serikali, ni fedha anayopewa kwa safari na ambayo lazima airejeshee hesabu. Mtalaka hadaiwi stakabadhi za unga na mafuta. Wako wanaopendekeza nafaka, neno ambalo katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya matumizi ya kumkimu mke. Lakini msikilizaji wa leo atafikiria mahindi na mtama.

Limebaki matunzo, nalo twaliunga mkono, ila kwa sharti. Likiachwa peke yake huchanganywa na mambo mawili mengine. La kwanza ni matunzo ya watoto, ambayo ni haki ya mtoto na hayakomi mama akiolewa tena, wakati haki ya mtalaka mwenyewe hukoma. La pili ni mgawanyo wa mali, ambao una kifungu chake, cha 114. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ingawa rufaa yenyewe haikufaulu. Mwanamke anayetia sahihi hati isemayo kuwa “amepokea matunzo yote” anaweza kudhani amekwisha kuuza na fungu lake la nyumba.

Kwa hiyo twapendekeza matunzo liwe neno la msingi, na daima lifuatwe na mwenye haki: matunzo ya mke, ya mume, ya mtalaka, ya mtoto. Mtalaka halichagui jinsia, jambo linalolingana na sheria, kwani mume asiyeweza kujikimu kwa maradhi au kilema naye aweza kulipwa. Wakati shauri lingali likisikilizwa, mtalaka hajapatikana bado. Hapo iandikwe mke au mume.

Mfasiri akiyatenga hayo, mdai atajua anachodai, na mdaiwa atajua anacholipa.