Batman yuko wapi? Swali la kwanza kwa mwandishi wa tamthilia ya Gotham

Yeyote anayewapelekea watayarishaji wa runinga wazo la tamthilia ya uhalifu iliyojengwa katika mji wa Gotham huulizwa swali moja kabla hajaketi vizuri: Batman mwenyewe yuko wapi? Si swali la upuuzi. Mji huo wa kubuni, ambao wasomaji wa vibonzo wa Marekani waliufahamu kwa jina hilo katika miaka ya 1940, uliumbwa kwa ajili ya mtu mmoja. Giza lake, maghorofa yake, hata ulaji rushwa wa askari wake, vyote vipo ili jagina apate kazi ya kufanya usiku. Ukimwondoa, unabaki na nini? Kwangu mimi, tamthilia za aina hii hupimwa kwa jibu la swali hilo, wala si kwa idadi ya maiti au bei ya magari yanayolipuliwa.

Kwanza istilahi. Kazi inayozaliwa na kazi nyingine, ikachukua mhusika mdogo au mahali na kushika njia yake, wapo wanaoiita mwendelezo. Jina hilo halifai. Mwendelezo hukiendeleza kisa kilekile. Hii ninayoizungumzia ni kama chipukizi la mgomba: shina la chini ni moja, lakini mkungu ni wake. Basi nitaiita tamthilia chipukizi, na mwenye neno bora alilete.

Jibu la kwanza lilitolewa na Gotham, iliyoonyeshwa na runinga ya Fox kuanzia 2014 hadi 2019, sehemu 100 kwa jumla. Batman yuko wapi? Eti bado ni mtoto. Mvulana Bruce Wayne ameshuhudia wazazi wake wakiuawa, na kachero James Gordon anamwahidi kumsaka muuaji. Mwanzo mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mtazamaji anajua Gordon hawezi kuusafisha mji. Ukisafika, mtoto yule atakuwa Batman wa nini? Kwa hiyo kila ushindi wa polisi sharti utanguliwe baadaye, na wahalifu mashuhuri waletwe mmoja mmoja wangali wachanga, mtazamaji akikonyezwa: unamjua huyu? Misimu mitano tunamngoja kijana avae joho lake. Hicho ni chumba cha kungojea daktari.

Jibu la pili ni la The Penguin, ya HBO, sehemu nane zilizotoka mwaka 2024 chini ya uongozi wa Lauren LeFranc. Hii imechipuka kutoka filamu ya Matt Reeves ya 2022, The Batman, ambayo mwishoni kuta za kuzuia bahari zinabomolewa na maji kuufurika mji. Tamthilia inaanza wiki moja baadaye. Batman haonekani, na hakuna anayejishughulisha kutueleza sababu. Ujasiri huo unafaulu kwa sababu mwandishi ameuona mji. Victor Aguilar, kijana wa mtaa wa kimaskini wa Crown Point, amepoteza jamaa zake katika gharika. Matajiri wana taa, mtaa wake uko gizani. Oz Cobb, mhalifu anayeigizwa na Colin Farrell, anapomchukua kijana huyu awe dereva wake, tunaelewa jinsi genge linavyoajiri: linafika mahali ambapo serikali haijafika. Oz hata anaurudishia mtaa umeme, na watu wanamshangilia. Kisha, katika sehemu ya mwisho, anamnyonga Victor kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa kumpenda mtu ni udhaifu. Sijaona katika runinga ya miaka hii hukumu kali zaidi juu ya mfadhili wa wanyonge. Wanaolalamika kwamba mwisho huo ni wa kikatili mno hawakumsikiliza Oz tangu mwanzo.

Hata hivyo, The Penguin imelikwepa swali, haikulijibu. Jibu lenyewe, kwa maoni yangu, liko katika vibonzo vya Gotham Central vya Ed Brubaker na Greg Rucka, vilivyochorwa mwanzoni na Michael Lark na kufikia matoleo 40 kabla ya kukoma mwaka 2006. Humo Batman yupo, na kuwepo kwake ndilo tatizo. Makachero wa kitengo cha uhalifu mkubwa wanamwona mwenzao, Charlie Fields, akiuawa na Mr. Freeze. Wanajitahidi kumpata muuaji kabla jua halijatua, maana usiku ukiingia itabidi aitwe yule bwana, na kesi ya ndugu yao itakuwa yake. Hebu fikiria fedheha hiyo: kusomea kazi, kuiapia, kuizikia rafiki, kisha kutegemea mtu asiye na beji.

Msomaji wa fasihi yetu atakumbuka kisa cha Fumo Liyongo. Jagina amechomwa kitovuni na mwanawe, akapiga magoti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari upindeni. Tumeandika mengi kuhusu Liyongo na usaliti wa mwana. Lakini wale watu wa mji waliokaa siku kadhaa bila maji, wakiogopa kukaribia maiti wakidhani yu hai, tumewapa aya ngapi? Chipukizi ungeanzia kwao, na mitungi yao mitupu.

Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba tamthilia ya polisi wa Gotham ingetengenezwa kutokana na ulimwengu wa filamu ya Reeves. Iliachwa kabla ya kurekodiwa. Nasikitika, kwa sababu Gotham Central ina jambo dogo ambalo ningetaka kuliona kwenye runinga. Idara ya polisi haiwezi kukiri rasmi kwamba inashirikiana na Batman, kwa hiyo hakuna askari anayeruhusiwa kuwasha ile taa ya popo iliyo juu ya paa. Kazi hiyo amepewa Stacy, karani wa kibarua. Andiko ambalo ningelisoma hadi ukurasa wa mwisho ni lile linaloanza na huyu Stacy akipanda ngazi kwenda kuiwasha, huku makachero nyuma yake wakitazama pembeni.