Vikombe vitano vya Kivu: jinsi ya kuonja kahawa ya mchanganyiko

Anayeanza kuonja kahawa mjini Bukavu na ajue jambo hili mapema: karibu kahawa yote ya Kivu ni mchanganyiko. Kwenye miteremko ya Kalehe, Kabare na kisiwa cha Idjwi, kuanzia ufuo wa ziwa ulio mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, arabika nyingi hutoka kwa maelfu ya wakulima wadogo, kila mmoja na mibuni yake michache. Matunda yao hukutana kwenye vituo vya kuoshea, kama vile vya SOPACDI, ushirika wa Minova ulioanzishwa mwaka 2003. Hapo humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa pamoja. Basi kuuliza kama kahawa imechanganywa hakupimi chochote. La kuuliza ni kama jasho la watu wengi hivyo limetoa ladha moja.

Hilo hujulikana kwa vikombe 5 vya mzigo uleule. Kila kikombe hutiwa gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi, na buni zake hupimwa na kusagwa peke yake. Usumbufu huo una sababu. Kasoro inayoiandama kahawa ya eneo la Maziwa Makuu ni ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda na bakteria wanaopenya humo. Haimdhuru mnywaji, ila punje moja tu huharibu kikombe kizima huku vinne vya pembeni vikibaki safi. Kuelesha matunda majini na kuchambua buni kwa mkono huipunguza sana. Kuimaliza ni vigumu, kwa maana jicho haliioni kila mara. Kahawa inaposagwa, pua huigundua kasoro hiyo.

Wapo wanaoshikilia kwamba kuchanganya ni mbinu ya kuficha kahawa mbovu. Wana haki pale buni inapokaangwa hadi ikawa nyeusi, kwa kuwa uchungu wa moto hufunika mema na mabaya. Ndiyo maana kahawa ya kuonjwa hukaangwa kidogo. Kiazi, hata hivyo, hakifichiki kwa kuchanganywa. Wengine husema anayeanza hana maneno ya kueleza anachoonja. Maneno yatakuja, kwanza alinganishe kikombe na kikombe, tena aache kahawa ipoe, maana joto kali huuzubaisha ulimi. Ikipoa, uchachu mzuri hukaa kama wa chungwa, pamoja na utamu. Kahawa iliyochacha kupita kiasi hunuka siki.

Kahawa inayozidi kuwa tamu kadiri inavyopoa, sawasawa katika vikombe vyote, inastahili bei nzuri, na mkulima alipwe hivyo. Kikombe kimoja kikitoa kiazi, mzigo urudi kwenye meza ya kuchambulia, hata vile vinne vikiwa vitamu vipi. Mnunuzi, usikubali kuonjeshwa kikombe kimoja.