Betri Hupimwa Ikiwa Kazini

Mteja akiinama juu ya meza ya fundi wa betri hapa Kayna, mashariki mwa Kongo, huuliza swali lilelile: "Papa, hii inakaa na chaji siku ngapi?" Fundi mwongo hujibu papo hapo. Fundi anayeijua kazi yake humrudishia swali: unaitia wapi? Seli ileile ya milimita 18 kwa 65, ile ya duara ambayo mafundi wote huiita 18650, humulika tochi usiku kucha, huimbisha redio ndogo siku kadhaa, na ikiwa ndani ya sigara ya umeme yaweza kwisha kabla jua halijazama.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha ampea-saa kwa volti, upate wati-saa. Seli halali ya mAh 3000, yaani ampea-saa 3, yenye volti 3.6 hubeba wati-saa 11, si zaidi. Tochi ya wati 1 itazila kwa saa 11 hivi. Sigara ya umeme inayochoma wati 15 itazimaliza kwa dakika 40 na kidogo za moto mfululizo. Na kwa kuwa mvutaji huvuta sekunde tatu tatu, hiyo ni mivuto 800 hivi kwa seli mpya, kwenye karatasi. Zile nyembamba zinazofanana na kalamu, zenye betri ya mAh 300 tu, hazifiki hata robo ya hapo. Kwa hiyo anayekuambia "siku mbili" bila kukuuliza unavuta mara ngapi, anakuuzia maneno.

Sigara hizi hazijajaa kwetu. Bidhaa zetu nyingi huingia Kasindi zikitokea Uganda, na sheria ya Uganda ya mwaka 2015 kuhusu tumbaku imepiga marufuku kuziingiza na kuziuza. Nyingi nilizoziona mimi zilikuja mfukoni mwa msafiri. Sina haja ya kumsifia mtu nikotini. Ila kwa anayetaka kujua seli nzuri na mbovu, hakuna mtahini mkali kuliko chombo hiki, na seli inayofaulu humo haitakuaibisha popote.

Tuanze na yaliyo rahisi, yaani maandishi. Seli bora za ukubwa huu zilizozoeleka sokoni huishia kwenye mAh 3500 hivi. Ukiona tochi imebeba seli iliyoandikwa 9900, usijadiliane bei, irudishe. Aliyeandika namba hiyo hakukosea. Alijua mnunuzi atasoma namba na hatapima. Pawabenki nazo zina ujanja wao, hata zile za kweli: mAh 10000 zilizoandikwa ni za volti 3.7 ndani, ilhali tundu la kuchajia simu hutoa volti 5. Ukiondoa na kinachopotea kwenye ubadilishaji, simu yako hupokea 6000 na kidogo. Huo haujawa wizi. Wizi ni ile iliyoandikwa 20000 na ndani ina seli mbili.

Baada ya kusoma, pima uzito. Hapa sisi tuna bahati: kuanzia Lubero hadi Butembo hakukosekani mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ndogo inayosoma gramu bila kukisia. Seli nzima ya 18650 ina gramu 45 hadi 48. Ya gramu 30 ni gamba, na zimewahi kufunguliwa seli za bandia zikakutwa na seli ndogo katikati, iliyobaki ikijazwa unga ili mkono udanganyike. Usiogope kumwomba mwenye mizani. Atacheka, lakini atakupimia.

Uzito hukutenga na matapeli tu. Hautakuambia kama seli imezeeka, na hapo ndipo penye utamu wa ufundi huu. Nyingi kati ya seli zilizo mezani kwa mafundi wetu zimetoka kwenye betri za kompyuta za mkononi zilizokufa. Katika betri ya seli sita, mara nyingi ni moja au mbili zilizoharibika; zilizobaki bado zina uhai. Fundi hupasua gamba, huzitoa, huzichaji na kuziuza. Kazi hiyo ni halali kabisa. Shida ni kwamba seli iliyozeeka ikijazwa husoma volti 4.2 sawasawa na mpya. Ukiweka mita juu yake ikiwa imelala, zote ni malaika.

Dai ionyeshwe ikiwa kazini. Fundi mzuri ana taa ya mbele ya pikipiki, ya volti 12 na wati 35, iliyounganishwa nyaya mbili nene. Kwa seli moja haitawaka kwa nguvu. Waya wake wa ndani utakuwa mwekundu kama kaa la moto, huku ukivuta ampea moja na nusu hivi. Sasa tazama mita. Seli njema itashuka kutoka 4.15 hadi karibu na 4.0, halafu itulie hapo, ikiteremka polepole sana. Seli chovu itaanguka hadi 3.7 mara moja, na ukiendelea kutazama utaona tarakimu ya mwisho haitulii, inashuka, inashuka. Ondoa taa: zote mbili zitapanda tena. Iliyoanguka kisha ikapanda haraka imekuonyesha ugonjwa wake, yaani ukinzani wa ndani. Njia ya umeme ndani yake imebanwa.

Ukinzani huo ndio unaoeleza kwa nini mtu hununua seli ya zamani, akaitia kwenye tochi, akaisifu mtaa mzima, kisha akaitia kwenye sigara ya umeme na kumlaani fundi. Chukua seli yenye ukinzani wa omu 0.15. Tochi ikivuta ampea 0.3, volti inayopotea ndani haifiki 0.05, macho hayataona tofauti. Sigara ikivuta ampea 4, zinapotea volti 0.6. Chombo huona volti ndogo, kinadhani betri imekwisha, kinazima, na ndani bado mmebaki karibu nusu ya chaji.

Kwa sababu hiyohiyo, mAh nyingi siyo ubora kwa kila kazi. Panasonic NCR18650B hubeba karibu 3400, lakini haipendi kusukumwa kwa nguvu. Ni seli ya tochi, ya redio, ya pawabenki. Samsung 25R hubeba 2500 tu na hutoa hadi ampea 20. Mwenye sigara ya umeme anayechagua ya kwanza kwa sababu namba ni kubwa atapata moto hafifu na seli yenye joto. Ukitaka vyote viwili kwa kiasi, LG HG2, ile ya kahawia, ina 3000 na ampea 20. Mimi kwa tochi ya kutembea usiku ningechukua ya Panasonic bila kufikiri mara mbili. Na usiamini rangi ya plastiki ya nje peke yake. Plastiki huuzwa tupu, za rangi zote, na kuivisha seli ni kazi ya dakika moja na moto kidogo.

Sasa mtazame fundi mwenyewe. Geuza seli uone kichwa chake cha chanya. Pale panapaswa kuwa na pete nyeupe ya karatasi au plastiki chini ya gamba. Mwili mzima wa seli, hadi ukingo wa kichwa, ni hasi. Milimita chache tu hutenga chanya na hasi, na pete hiyo ndiyo mlinzi. Fundi aliyeirudishia plastiki bila pete amekupa moto wa kutembea nao. Ndiyo sababu seli ya akiba haiwekwi mfukoni pamoja na funguo na sarafu, hata kama pete ipo.

Kwenye betri ya seli kadhaa, angalia viungo. Utepe wa nikeli uliogandishwa kwa nukta ndogo za mashine ni kazi safi. Matone makubwa ya risasi, na plastiki iliyokunjamana kuzunguka, yanasema chuma cha moto kilikaa pale muda mrefu, na joto lile limeingia kwenye muhuri wa seli. Mafundi wengi hawana mashine, na siwalaumu. Mwenye mkono mwepesi hukwaruza chuma kwanza, hugusa, huondoa. Kisha muulize kama alizipima seli kabla ya kuziunganisha. Seli ya 2000 iliyofungwa mfululizo na ya 3000 hufika mwisho mapema, wenzake wanaendelea kuivuta, na betri nzima inakufa kwa ajili ya mmoja.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kifaa, kinahitaji subira. Seli iliyojazwa ikaachwa peke yake inapoteza kidogo sana, asilimia chache kwa mwezi. Ijaze, iandike tarehe kwa kalamu, iache wiki nzima. Ikikutwa juu ya 4.1, chukua. Ikikutwa chini ya 4.0, ina mvujo wa ndani, na hakuna taa ya pikipiki itakayoiponya. Fundi anayekubali uache pesa nusu na urudi baada ya wiki anaiamini kazi yake. Hali ya hewa ya milima yetu hata inasaidia: joto ndilo linalozeesha betri za aina hii, na seli inayokaa nyumbani Kayna ina maisha marefu kuliko nyingine kama hiyo inayopikwa kwenye dashibodi ya lori huko Kasindi.

Kwa betri bapa za simu mambo ni mepesi zaidi. BL-5C ya Nokia, ile ya mAh 1020 ambayo redio nyingi za mkononi pia huitumia, ilaze juu ya kioo na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limevimba. Hiyo haichajiwi tena hata bure.

Watu hupenda kusema kwamba betri hizi zimetengenezwa kwa koltani ya kwetu. Hapana. Koltani ya Rubaya huishia kwenye vipande vingine vidogo vya simu. Kinachoingia kwenye betri ni kobalti, na hiyo huchimbwa kusini, Kolwezi na jirani zake. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo. Inazunguka hadi China, kisha inapanda Mombasa, Kampala, Kasindi, na kuuzwa Butembo kwa namba ya uongo.

Na ukipata sigara ya umeme ya kutupwa, zile zinazotumika mara moja, usiitupe kabla ya kuifungua mbele ya fundi. Nyingi zina seli ya lithiamu inayoweza kuchajiwa tena mara mamia, iliyonyimwa tu tundu la chaji. Uingereza imekataza kuziuza tangu tarehe 1 Juni 2025, mojawapo ya sababu ikiwa upotevu huo. Ndani hukaa seli ndogo, mara nyingi ya mAh 500 hivi: haitoshi pawabenki, lakini inatosha taa ya kitanda au redio ya jikoni, mradi ipewe kibao cha chaji kinachoikata kwenye volti 4.2 na kingine cha kuilinda isishuke chini ya 2.5. Fundi atakayekuambia vibao hivyo havina haja, mwachie seli yake.