Kompyuta Imehama Meza, Mtandao Umegoma Kuhama

Karani kahamishwa kutoka dirishani kwenda karibu na mlango. Kompyuta ni ileile na swichi ni ileile. Kilichobadilika ni poti tu. Taa inawaka kijani, lakini mtandao hakuna. Mafundi wengi hapo hukimbilia kubadilisha kebo. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: mtandao umepotea kwa muda gani?

Ukirudi wenyewe baada ya nusu dakika, hakuna kilichoharibika. Ni itifaki ya STP inayohakikisha poti mpya haisababishi mzunguko: sekunde 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Poti za watumiaji ziwekewe portfast ili ziruke kusubiri huko, basi.

Ukirudi baada ya dakika 5 hivi, shuku jedwali la anwani za MAC, ambalo swichi nyingi hulitunza kwa sekunde 300. Mara nyingi mhusika ni kifaa kimya kama printa, kilichokuwa kimeunganishwa kupitia kiswichi kidogo cha chini ya meza. Ukikichomoa, poti ya swichi kubwa haizimiki, kwa hiyo haifuti kumbukumbu yake. Printa isipotuma chochote kutoka ilikohamia, data zake zinaendelea kupelekwa kwenye poti ya zamani hadi muda uishe.

Usiporudi kabisa, angalia kwanza VLAN ya poti mpya. Ikiwa ni sahihi na kompyuta bado imejipa anwani inayoanza na 169.254, yaani DHCP haikuijibu, nenda kwenye ulinzi wa poti (port security).

Chukua swichi za Cisco. Ulinzi huo ukiwekwa kwa mtindo wa sticky, anwani ya MAC huandikwa kwenye usanidi wa poti ilikoonekana mara ya kwanza, na kuchomoa kebo hakuifuti. Anwani hiyo ikijitokeza kwenye poti nyingine yenye ulinzi ndani ya VLAN ileile, swichi huiona kama mvamizi. Kwa kawaida huifunga poti kabisa, na hilo ni afadhali kwa sababu linaonekana. Ikipangiwa hali ya restrict, hutupa data na kuacha taa ikiwaka. Hiyo ndiyo taa ya karani wetu.

Hapa fundi huongeza idadi ya anwani zinazoruhusiwa, kutoka 1 hadi 3, na bado mambo ni yaleyale. Nafasi haikuwa tatizo. Anwani ina mwenyewe kwingine. Kisha anazima na kuwasha swichi, na mtandao unarudi! Anwani za sticky zilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, hazikuhifadhiwa, zikafutika. Anaondoka akiamini swichi ilikuwa imechoka, na akihamishwa mwingine, simu inalia tena.

Amri ya show port-security address inaonyesha poti inayoishikilia anwani hiyo. Ifute kule ilikotoka, si kule ilikoenda. Kama poti mpya ilikwisha kufungwa, izime kwa shutdown na uiwashe kwa no shutdown.

Kwa ofisi ambayo watu wanahamahama, sticky ni chaguo baya. Huko panafaa 802.1X, inayomtambua mtumiaji au kifaa chake popote kitakapochomekwa.