Mwana Kupona na Jina la Mumewe

Bwana Mataka, Shehe wa Siyu, alipigana na Seyyid Said wa Unguja. Kwa dola ile alikuwa mwasi. Mwaka 1858 mjane wake, Mwana Kupona, alimtungia binti yao utendi. Wengi huusoma kuwa mafunzo ya utii tu. Usomaji huo una upungufu. Humo mjane ashuhudia kwamba waliishi pasipo ugomvi, na kwamba mume aliaga dunia akiwa radhi naye. Hasimulii vita wala hajibizani na adui. Ushahidi huo wamrudishia marehemu utu ambao vita vilimnyima. Lakini wathibitisha wema wa mke kuliko haki ya mtawala. Mhakiki, awe Makorora au Siyu, asiyachanganye mambo haya mawili.